Medali Mbili za Askari Feruzi

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la medali. Klarisi, ambaye sasa anakalia kiti changu, ameniomba nimwandikie jinsi nilivyokuwa nikitofautisha medali ya Kijerumani ya kweli na ya bandia. Nilimjibu kwamba nusu ya kazi hiyo iko machoni na haiandikiki. Akasema basi niandike ile nusu nyingine. Ni binti asiyekata tamaa upesi, kwa hiyo nadhani kabati liko salama.

Mimi nilizaliwa Kigoma, kwa wazazi waliotoka Rwanda wakiwa vijana, na nilijifunza kutengeneza saa kwa mjomba wangu. Tuliporudi nyumbani katikati ya miaka ya tisini nilikuja Gisenyi na kamusi ya Kifaransa, bisibisi tano ndogo na lupa, kile kioo cha kukuzia kinachobanwa jichoni. Nilidhani kila mji una watu wenye saa mbovu. Gisenyi ya wakati ule ilikuwa na watu wenye mambo mengine ya kufikiria. Magari meupe ya mashirika ya misaada yalipita kutwa nzima, askari walikuwa kila njia panda, na watu waliokuwa wakirudi kutoka Goma walipita na magodoro kichwani. Barabara ya Mahoko leo ilikuwa wazi, kesho imefungwa. Hakuna aliyekuja kuuliza kwa nini saa yake inachelewa.

Aliyenipokea ni Papa Paluku, Mkongo wa Goma aliyekuwa na duka la vitu vya kale kwenye mtaa unaoteremka ziwani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo usingeamini vinaweza kushika pini. Ujanani alikuwa sonara. Alitazama bisibisi zangu, akatazama lupa, akaniambia nianze kesho yake. Kiswahili changu kilimchekesha sana. Alisema ninaongea kama redio, na kwa wiki nzima kila nilipomaliza kusema neno alinisubiri nisome taarifa ya habari.

Siku yangu ya kwanza aliniachia kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo vya sare, beji na medali, akaniambia nivipange. Hakuniambia nivipange namna gani. Mle ndani kulikuwa na medali moja nyeusi kama chungu, na mimi, niliyelelewa na mama asiyevumilia sufuria chafu, niliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa. Niliiweka mbele kabisa ili aione akirudi. Papa Paluku aliishika, akaigeuza mara mbili, akakaa.

"Mama," aliniambia polepole, "umefua myaka makumi nane."

Medali ile ilikuwa ya kweli, na ule weusi ndio uliokuwa ushahidi wake. Fedha ya zamani hujivika rangi yake taratibu, nyeusi zaidi mashimoni na nyepesi pale nguo ilipokuwa ikisugua. Mtu akitaka kughushi anaweza kuipaka weusi kwa dawa, lakini hawezi kuupanga kama unavyopangwa na maisha ya mtu. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na sijawahi tena kusafisha medali. Klarisi, ndimu ni ya samaki.

Wageni waliuliza mara nyingi medali za Wajerumani zimefikaje Gisenyi. Wajerumani walikuwa na kambi hapa kabla ya Wabelgiji, na vita vyao vilipoanza walipigana na Wabelgiji juu ya mpaka huu huu ambao leo akina mama wanauvuka na ndizi. Walipoondoka, askari wao Waafrika walibaki wakaoa, wakazaa, wakazeeka. Medali zikabaki majumbani. Nimezikuta ndani ya makopo ya vifungo, zimefungwa shingoni mwa watoto kama dawa ya kuzuia jicho baya, na moja ilikuwa imetobolewa katikati ili kushikilia mpini wa sufuria. Ile ya sufuria ilikuwa ya kweli. Mwenye sufuria alikataa kuitoa, na alikuwa na haki, maana mpini ulikuwa imara.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Sumaku tuliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Mizani ilikuwa ya kupimia barua. Tulikuwa na kipimo cha taya za chuma, ambacho Papa Paluku alikiita piakulisi, na lupa yangu. Msalaba wa Chuma, ile medali ya Wajerumani ya ushujaa vitani, ukiwa wa kweli umeundwa kwa vipande vitatu: moyo wa chuma uliopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili za fedha, mbele na nyuma, zilizounganishwa ukingoni kwa lehemu. Sumaku lazima ivutwe na ule moyo. Lakini Papa Paluku alinionya nisiiamini sumaku peke yake, kwa sababu hata mwongo anajua chuma kinauzwa wapi. Kwa utepe tulikuwa na njia nyingine: unachomoa uzi mmoja na kuuchoma. Pamba inakuwa jivu. Nailoni inajikunja na kuwa kitone kigumu, na hapo unajua utepe haukuona vita vyovyote.

Kanuni kubwa ya Papa Paluku ilikuwa kwamba tuangalie kitu kwanza, hadithi tuisikilize baadaye. Mtu akianza kusimulia babu yake alivyokuwa, Papa Paluku alimsimamisha kwa heshima, akamwagizia chai, akaangalia kitu mpaka amalize. Alisema hadithi nzuri inaingia kwenye lupa na kufunika kioo.

Mara moja mfanyabiashara mmoja wa kike, mchangamfu sana, alivusha Misalaba ya Chuma saba kwenye Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha mpaka wa Goma, ndani ya kapu la maharage. Alituambia imetoka kwa familia saba tofauti za upande wa Masisi, huko Kongo. Sumaku ilishika yote saba, uzito ulikuwa mzuri, na mimi nilikuwa tayari kutabasamu. Papa Paluku aliniambia niipange kwa mstari na nitazame kwa lupa mkono wa kushoto wa kila msalaba. Wa kwanza ulikuwa na mkwaruzo mdogo kama unyusi. Wa pili pia, mahali pale pale. Na wa tatu. Yote saba ilikuwa imemwagwa katika kalibu moja, iliyochukuliwa kwenye msalaba mmoja uliowahi kukwaruzwa. Mama yule hakukasirika. Alichukua misalaba yake, akauliza kama tunahitaji maharage, na maharage yalikuwa mazuri kweli.

Lakini kuna kosa langu pia, na nitaliandika ili msidhani nilizaliwa na macho haya. Mzee mmoja wa Mahoko alileta medali yenye utepe mpya kabisa. Nilichoma uzi, ukajikunja, nikamwambia medali yake si ya kweli, akaondoka. Jioni Papa Paluku aliniuliza medali yenyewe ilikuwaje. Nilitambua kwamba sikuwa nimeiangalia. Nilikuwa nimeangalia utepe tu, kumbe binti wa yule mzee ndiye aliyeshona utepe mpya kwa sababu wa zamani ulioza. Ilinibidi kusubiri siku nane mpaka barabara ilipofunguliwa. Nikapanda gari la viazi kwenda Mahoko, nikamtafuta sokoni na kumwomba radhi mbele ya wauza viazi wote. Medali ilikuwa ya kweli. Mzee alinisamehe na kunipa mchicha, nami nilirudi nikiwa mwembamba rohoni.

Sasa nifike kwenye ile kesi ambayo Klarisi ameisikia vipande vipande.

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, kama mwaka wangu wa tatu dukani. Aliingia mama mmoja wa Mbugangari, mtaa wa hapa Gisenyi, aliyepita miaka sitini, mjane, jina lake Maria, amevaa kitenge cha bluu na rozari shingoni. Hatua tatu nyuma yake aliingia mzee mwenye kofia nyeupe, kaka yake, Mzee Idi, aliyekuwa amevuka mpaka asubuhi hiyo kutoka Goma. Walitusalimu vizuri. Kisha wakakaa kwenye benchi letu, huyu mwisho wa huku na huyu mwisho wa kule, na katikati palitosha watu wanne. Kila mmoja alikuwa na kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. Walipofungua, tuliona medali mbili za fedha zinazofanana. Zilikuwa za aina ile waliyopewa askari Waafrika: upande mmoja herufi za mfalme wao chini ya taji, upande wa pili maneno mawili ndani ya shada la majani.

Nilimtazama Papa Paluku nikidhani atavuta kiti. Alibaki amesimama.

"Dativa ataangalia," alisema. "Macho yangu leo haiko muzuri."

Nilishangaa, kwa sababu nusu saa kabla alikuwa akilehemu hereni ndogo kuliko punje ya mchele. Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba hakuwazuia kusimulia. Aliwaacha waseme, na mimi nikasikiliza hadithi kabla ya kuangalia kitu, kwa mara ya kwanza tangu aniajiri.

Baba yao, Feruzi, alikuwa askari wa Wajerumani. Baada ya vita aliishi Goma akiuza tumbaku, na alikuwa na medali moja ambayo kila mtu mtaani aliijua. Maria alipochumbiwa na mwalimu Mkristo wa Gisenyi, alibatizwa. Baba hakumzuia wala hakumpongeza. Siku ya kuondoka alimpa medali, akamwambia aitunze na asimwonyeshe mtu. Miaka ikapita, mzee akafa, na kwenye matanga ndipo ilipojulikana kwamba Idi naye alipewa medali, kwa maneno yale yale. Idi alisimama mbele ya watu, akasema ya kweli haiwezi kuwa nyumbani kwa mtu aliyeacha sala za baba yake, na kwamba ya Maria ni kitu cha kumridhisha bibi harusi. Maria aliondoka kabla ya arobaini. Tangu hapo walionana kwenye mazishi tu.

Nilimuuliza Mzee Idi kwa nini wamekuja sasa, baada ya miaka mingi hivyo. Alijibu akiangalia sakafu.

"Wakati watu walikimbia, huyu alikuya Goma na wajukuu wake. Nilisikia kwa jirani. Alipita ku mulango yangu, hakuingia. Akaenda kulala inje na watoto ku mawe ya volkano, juu ya neno nilisemaka kwenye matanga." Hapo akainua macho. "Donc, basi, nataka kujua kama nilisema uongo."

Maria alikuwa akihesabu punje za rozari bila kusali.

Nilifanya kazi yangu. Nilipima, nikapima tena. Medali ya Idi ilikuwa ndogo kuliko ya Maria kwa upana wa unywele, na hiyo ni dalili mbaya, kwa sababu fedha iliyomwagwa kwenye kalibu hunywea inapopoa. Kwa lupa niliona vitundu vidogo kama vya mkate, na kingo za herufi zilikuwa za mviringo. Ya Maria ilikuwa imepigwa kwa muhuri wa kiwandani, kali kila pembe, imechakaa pale tu inapopaswa kuchakaa. Jambo moja kwenye ya Idi sikulielewa. Majani ya shada yalikuwa yamechongwa upya kwa patasi ndogo, kwa mkono wa fundi hasa, isipokuwa majani mawili ya chini. Hayo yalichongwa na mkono uliotetemeka, wa mtu asiyejua kazi.

Nilimtafuta Papa Paluku kwa macho. Alikuwa akitazama vidole vyake. Nilielewa kwamba sitasaidiwa, na nilimkasirikia, kwa sababu pale mezani palikuwa na watu wawili wazee na mimi ndiye niliyepaswa kumvunja mmoja wao.

"Ya Mama Maria ni ya kweli," nilisema. "Ya Mzee Idi ni nakala. Imetengenezwa kwa mkono."

Mzee Idi alivua kofia, akaiweka gotini. Nilitegemea Maria atafurahi, au angalau atapumua, lakini alisogea kwenye benchi, kidogo tu.

"Yaya," alimwambia kaka yake, kama wanavyomwita mkubwa wao kule Goma, "tuachie hapo."

Hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia moja kwa moja tangu waingie. Nafikiri wangeondoka hivyo, kama Papa Paluku asingekuja na kuketi mbele yao.

"Iko neno moja bado," alisema. "Hii ya Idi, ni mimi nilitengenezaka."

Tulimtazama wote watatu. Alieleza kwamba alikuwa kijana, anajifunza kwa sonara mmoja wa Goma, fundi wake akiwa amesafiri. Mzee Feruzi alikuja na medali yake na sarafu za rupia za Wajerumani zilizofungwa kwenye karatasi, akataka ziyeyushwe na kufanywa medali ya pili. Paluku alimwuliza ya nini. Hapa alianza kusema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Akaniambia, Idi ana mimi, ana nyumba, ana ndugu wote hapa. Hakuna mutu atamuuliza we ni mutoto wa nani. Maria anaenda kwa batu bengine. Siku moja banaweza kumuuliza. Akuwe na kitu hakuna mutu anaweza kubisha." Papa Paluku alijifuta paji la uso. "Nikamuapia sitasema. Sasa ninyi wote muko wazee kumupita yeye. Nafikiri amenifungua."

Maria aliweka kiganja mdomoni. Nje gari la shirika lilipita na kuacha vumbi mlangoni.

"Na mimi, akanipa ya uongo," alisema Mzee Idi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kiatu kuona kama kinabana.

Papa Paluku alichukua ile nakala na kuiweka chini ya taa ya meza. Alisimulia kwamba mzee Feruzi alikaa karibu naye siku mbili nzima bila kuondoka. Siku ya pili, majani yalipokuwa yakichongwa, aliomba patasi. Paluku alikataa, maana fundi wake angemfukuza kama fedha ingeharibika. Mzee akamwambia hii ni ya kijana wangu, na mimi lazima niguse. Akachonga majani mawili, ulimi nje kama mtoto wa shule, akaharibu kidogo, akasema basi, inatosha.

"Ni majani gani?" Mzee Idi aliuliza.

Nilimpa lupa. Hakuwahi kushika kitu cha namna ile, na kwanza alifumba jicho lisilofaa. Nilimwelekeza kwa ncha ya sindano: haya mawili, ya chini, karibu na fundo la shada. Aliinama. Bega lake lilikuwa likigusa bega langu na nilisikia anavyopumua. Aliangalia muda mrefu sana hivi kwamba mteja mwingine aliingia, akatuona, akatoka.

"Alikuwa anatetemeka mukono," alisema bila kuinua kichwa. "Huu wa kuume. Juu ya ile risasi alipigwaka ku vita."

Maria alisema ndiyo, hata kijiko kilimshinda. Kisha wakaanza kukumbushana mambo ya baba yao, jinsi chai ilivyomwagika, jinsi alivyowakataza kumsaidia, na nafasi ya watu wanne kwenye benchi ikawa haipo. Walitoka nje kuendelea kuongea, wakasimama kivulini kando ya ukuta. Maria alikuwa ameshika mkono wa kanzu ya kaka yake.

Nilibaki na Papa Paluku, nikamwuliza kwa nini alinitwisha mimi mzigo ule wakati alijua jibu tangu kitambaa kilipofunguliwa. Nilimwuliza kwa ukali, kuliko nilivyozoea kusema na mtu wa umri wake.

"Ningesema mimi kwanza, bangedhani ninatetea mufu," alinijibu. "We hukujua kitu. Ulisema kile uliona." Kisha akaongeza kwamba yale majani mawili aliogopa nisiyaone, na kwamba niliyaona. Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa. Niliichukua kama ilivyo.

Wakati ule tulikuwa tukiwaandikia wateja karatasi yenye muhuri wa duka, inayosema kitu ni nini na tumejuaje. Nilikuwa nimeshaandaa ya Maria, lakini alipoingia kuaga alisema haihitaji, haendi kuionyesha popote. Mzee Idi ndiye aliyerudi peke yake, kofia kichwani, akaomba ya kwake. Nilimweleza kwa upole kwamba karatasi ile itabidi iseme ukweli, na kwamba hakuna mnunuzi atakayeitaka medali yake akiisoma.

"Andika tu," alisema. "Andika vile iko."

Nikaandika kwamba hii si medali ya Wajerumani. Ilimwagwa Goma kutokana na sarafu za rupia, na fundi Paluku, na majani mawili ya chini yalichongwa na askari Feruzi mwenyewe kwa mkono wa kulia. Papa Paluku alisaini, nami nikasaini chini yake. Mzee Idi hakujua kusoma herufi zetu, kwa hiyo aliomba nimsomee, na nilipomaliza akaomba nirudie sehemu ya mwisho.

Tangu siku hiyo nimeandika karatasi nyingi za kusema kitu ni bandia. Watu wamezichana mbele yangu, wamezitupa sakafuni, mmoja alinirushia yake usoni. Mzee Idi aliikunja ya kwake mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa kifua wa kanzu pamoja na medali, akanishukuru kwa mikono miwili, akatoka kumfuata dada yake, ambaye alikuwa amekwisha anza kupanda njia ya kwenda Mbugangari kumpikia chakula.